Basi Lililolala Muyinga

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, mwaka elfu mbili na ishirini na tano, saa mbili na robo asubuhi, pale barabara ya Mutaho inapoingia mjini Gitega. Kabla ya hapo yalikuwa yanakwenda vibaya tu, kama yalivyozoea. Siku ile ndiyo yaliharibika.

Longino alikuwa amesimama na kamba yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi: kamba ya katani, ncha moja imefungwa kwenye mkaratusi ng'ambo ya barabara, ncha nyingine mkononi mwake. Gari likija anaikaza, dereva anatoa faranga elfu moja, anapewa karatasi ya kijani, kamba inalegezwa mpaka chini, gari linaikanyaga na kupita. Baiskeli hazikulipa. Wenye miguu hawakulipa. Gari za wakubwa nazo hazikulipa. Zilifika zimefunga vioo, zikapiga honi mara moja, na kamba ikalala yenyewe kama mbwa aliyemwona mwenye nyumba.

Elfu ile ilikuwa ya kununua basi la mji. Kamati ya Usafiri ilitangaza tangu Juni ya mwaka uliotangulia: wenye magari ndio wanaoitafuna barabara, basi nao wachangie usafiri wa wasio na magari. Wanafunzi wa Mushasha hawatapanda tena kile kilima wakinyeshewa. Mama wa sokoni atapanda na kikapu chake kwa bei ya ndizi mbili. Maneno mazuri. Wakubwa maneno mazuri hawakosi, wanazaliwa nayo kama meno.

Asubuhi ile akaja Mugisho, Mkongo wa Walungu anayeuza vitenge, na Probox yake imejaa mabunda hadi dirishani. Hakutoa elfu. Alizima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati, akaupigapiga kwa kiganja kama mtu aliyelaza mtoto.

"Mzee Longino, leo mi silipi. Leo mi nauliza tu."

"Lipa, halafu uulize."

"Non. Ile bisi iko wapi?"

"Iko njiani."

"Njiani!" Mugisho akatoka nje ili wote wamwone. "Toka mwezi wa sita iko njiani! Ata konokono ingetoka Daresalama ingekuwa ishafika hapa, ikazala, na batoto yake bakaanza masomo!"

Watu wakacheka. Nyuma yake lori la makaa likasimama, nyuma ya lori Hiace, nyuma ya Hiace teksi mbili. Honi zikaanza, kisha zikanyamaza, kwa sababu kila dereva aliyeshuka kuja kutukana alisikia swali la Mugisho na kuona kwamba ni swali lake pia.

"Mugisho, mimi sili hela yenu," Longino akasema. "Mimi nashika kamba."

"Najua haule kitu. Ndiyo ile inaniuma! Ungekuwa unakula, tungekufukuza zamani. Sisi tulilipa juu ya mama Vumilia."

Nalo lilikuwa kweli.

Vumilia alikuwa mkewe. Alifariki mwaka elfu mbili na ishirini na tatu, katika ile miezi ya kukosa mafuta, madereva walipokuwa wanalala kwenye foleni za petroli. Alishikwa na tumbo akiwa shambani Nyarusange. Longino alisimamisha magari manne. La kwanza halikuwa na mafuta, la pili vilevile, la tatu lilikuwa nayo lakini la mkubwa, la nne halikusimama. Wakamfunga kwenye baiskeli kwa kitenge chake mwenyewe, Longino akakimbia nyuma ameshika mgongo wake. Kabla ya kufika mjini, mgongo ule ulikuwa umeshakuwa mzigo tu.

Kamati ilipotaka kuanzisha elfu yake, madereva walikataa katakata. Mugisho ndiye aliyesema: nimlipie mtu anunue gari la kuja kuwaibia wenzangu abiria? Mwenyekiti wa kamati, Bonifasi, akafanya akili. Akamtafuta mgane aliyekuwa analia kila mahali kuhusu usafiri, akamsimamisha mbele ya madereva. Longino akasema habari ya Vumilia, ya magari manne, ya kitenge. Akasema: kama lingekuwapo basi la mji linalopita kwa saa yake, na mafuta yake yamewekwa kando, mke wangu angefika. Madereva wakainamisha vichwa. Kesho yake walianza kulipa, na kamba akapewa yeye. Alifikiri anaheshimiwa. Kumbe ng'ombe wa mahari haulizwi anapelekwa wapi.

Kando ya mkaratusi alikaa Dorotea na beseni lake la parachichi. Dorotea alikuwa mdogo wa Vumilia, na wao wawili na Longino walikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, wakarudi Burundi pamoja. Aliinuka polepole, akajifunga upya kitenge kiunoni.

"Shemeji."

"Nakusikia, Dorotea."

"Miezi tisa sasa kila dereva anayefika hapa unamwambia dada yangu alivyokufa. Nimenyamaza, nikasema ni kwa ajili ya basi. Sasa basi halipo. Umeliuza jina lake kwa nini?"

"Basi lipo."

"Umeliona?"

Hakuliona.

"Basi sikiliza," Dorotea akasema, na hakupaza sauti, ndiyo maana hata wa nyuma walisikia. "Jumamosi baada ya kazi za pamoja, utuambie umeliona kwa macho yako au hulijui. Ukishindwa, Jumapili nitasimama kanisani niseme shemeji yangu alimtembeza maiti barabarani kuomba hela."

"Na kamba tutaikata," Mugisho akaongeza. "Tutafunga nayo mbuzi. Mbuzi ata iko na akili, inajua kwenye inaenda."

Wakapita bila kulipa, gari kumi na moja. Longino aliiacha kamba chini.

Mchana ule alikwenda ofisini kwa Bonifasi. Bonifasi alikuwa mtu wa koti, mvua au jua.

"Mwenyekiti, basi liko wapi?"

"Limeshaingia nchini, mzee wangu. Usiwe na hofu."

"Nchini pakubwa. Wapi?"

"Muyinga."

"Tangu lini?"

"Kuna suala dogo la kiufundi. Liko mezani."

Longino akaitazama meza. Juu yake palikuwa na kalenda na chupa ya Fanta. "Suala gani?"

"La kiufundi, nimekwambia. Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Ndiyo hivyo."

Alitoka pale ameumia, lakini ndani ya maumivu palikuwa na kitu kingine kinamkuna kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Muyinga! Basi zima limelala Muyinga. Lina ugonjwa gani? Limekosa gurudumu? Limekamatwa? Na basi linanunuliwaje hasa: unalitazama meno kama ng'ombe? Nani anakaa kwenye viti kuvijaribu? Miezi tisa alikuwa amelitangaza kama padri anavyotangaza mbingu, na kama padri, hakuwa amefika.

Alhamisi akapanda lori la Crispin. Crispin alikuwa rafiki yake wa kambini, dereva wa Fuso, anapeleka maharage Muyinga na kurudi na bidhaa za mpakani Kobero. Kwa kawaida Crispin akishika usukani mdomo wake haufungwi mpaka azime injini. Siku ile alikuwa bubu.

"Wewe unaonaje, ndugu yangu?" Longino akauliza walipoipita Karuzi. "Basi jipya linaweza kuharibika limesimama?"

"Basi ni basi."

"Au wamelificha waliuze?"

"Longino, utaona nini huko? Mabati na matairi. Ungebaki tu ulime."

"Dorotea atanisimamisha kanisani."

Crispin akabadilisha gia, ingawa barabara ilikuwa tambarare.

Walifika Muyinga saa saba. Crispin hakuuliza njia. Alikata kushoto, akakata kulia, akasimama mbele ya ua wenye geti la mabati kwenye barabara ya Kobero. Longino hakushangaa. Dereva wa lori anajua kila ua, kama mbu anavyojua kila sikio.

"Shuka wewe," Crispin akasema. "Mimi natazama tairi."

Mlinzi wa ua alikuwa Uthmani, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma, na alipoambiwa mgeni ni mshika kamba wa Gitega alimpokea kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye wa kamba? Karibu, mzee wangu! Karibu sana! Njoo uone mali yako."

Na pale, katikati ya ua, kati ya lori bovu na rundo la mapipa, lilikuwapo. Jeupe, mstari wa buluu ubavuni, refu kama kanisa dogo. Longino alilizunguka mara mbili. Alibonyeza matairi kwa kidole gumba. Aligonga ubavu, ukamjibu vizuri, si sauti ya debe. Mlango ukafunguliwa, akapanda, akahesabu viti: thelathini na viwili, na vitambaa vyake vipya. Kiti cha nne, dirishani, alikaa bibi kizee ameshika pochi mapajani, anatazama nje.

"Ni Amisa, mama mkwe wangu," Uthmani akanong'ona. "Hajawahi kusafiri. Kila mchana baada ya adhuhuri anakuja kukaa saa moja, halafu anasema amechoka na safari, anarudi nyumbani. Simtozi kitu."

Longino akamwamkia bibi, naye akaitikia kwa kichwa kama abiria wanavyoitikiana, bila kutaka mazungumzo.

"Injini je?"

Uthmani akawasha. Ikaitika kwa mara moja, na viti vyote vikatetemeka kidogo, na Longino akatetemeka navyo.

"Sasa ugonjwa wake ni nini?"

"Hujauona?"

"Nimelizunguka mara mbili. Sijaona kitu."

Uthmani akamtazama, akatabasamu. "Wewe ulikulia Tanzania, sivyo?"

"Tangu nikiwa na miaka minne. Umejuaje?"

"Shuka. Simama pale kwenye pipa. Hapo ni Gitega, kando ya barabara. Wewe ni abiria, unataka kwenda sokoni. Mimi ni basi."

Longino akasimama kwenye pipa. Uthmani akarudi nyuma hatua kumi, akanyoosha mkono wa kushoto kama mlango, akaanza kuja akinguruma kwa mdomo, amejiweka upande wa kulia kama gari lolote la Burundi. Akasimama mbele ya Longino, bega la kulia likamgusa kifua.

"Panda."

Longino akatafuta mlango. Ulikuwa ng'ambo, upande wa pili wa Uthmani. Akazunguka mbele yake ili aufikie.

"Puu!" Uthmani akapiga makofi. "Umeshagongwa na Fuso. Umekufa, mzee wangu. Na watoto wa Mushasha thelathini nyuma yako."

Longino alisimama katikati ya ile barabara isiyokuwapo, mdomo wazi. Kisha akageuka akalitazama basi upya. Mlango ulikuwa kushoto. Ulikuwa kushoto muda wote ule, alipita mbele yake mara mbili, akaingilia humo, akatokea humo, na jicho halikumwambia neno. Kwa maana huko alikokulia magari hupita kushoto na milango hufungukia majanini, na mpaka leo, kila akivuka barabara Gitega, shingo yake hugeuka kwanza upande usio wa Burundi.

"Hakuna fundi wa kutoboa mlango upande wa pili?"

"Yupo, hapohapo mtaa wa pili. Alisema wiki mbili. Kamati ikajibu hela ya kamba ni ya kununua basi, na mlango si basi. Mpaka kikao kikae."

"Na ua huu nani anaulipia?"

"Wewe! Kamba yako. Kila mwezi wanaleta hela ya kulilaza. Na mshahara wangu humohumo." Uthmani akaweka mkono kifuani. "Mungu akubariki, mzee wangu. Wanangu wanakula kamba."

Longino hakujua acheke au aketi chini. Miezi mingapi amekuwa akilitaja jina la Vumilia ili gari lilale? Hasira ikampanda mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ilikuwa hasira tamu, kwa sababu ilikuwa na mahali pa kwenda.

"Nani alilichagua? Nitajie. Bonifasi?"

"Bonifasi alikuja kupigwa picha. Waliolichagua Daresalama ni madereva watatu. Walitafutwa waliokulia Tanzania, wanaojua Kiswahili cha kule, wasije wakapunjwa. Si huyo mmoja wao umekuja naye?"

Nje ya geti Crispin alikuwa amechuchumaa mbele ya tairi. Lilikuwa tairi lilelile alilokuwa akilitazama tangu wafike.

Longino alimwendea, akasimama nyuma yake. Hawakusalimiana upya.

"Siku tatu nililikagua," Crispin akaliambia tairi. "Breki, giaboksi, chasisi. Nililala chini yake na tochi. Mlangoni nilipita mara mia, Longino. Niliona sawa. Unajua sawa ni nini? Ni pale mwili haukuambii kitu."

"Ulijua lini?"

"Kobero. Unavuka mpaka, unahamia kulia. Mwenzangu akasema simama nikojoe. Nikasimama. Akafungua mlango, lori likapita na kioo chetu. Akabaki ameshika kishikio, suruali imeshalowa bila kushuka."

"Ukamwambia nani?"

"Bonifasi, siku hiyohiyo, kwa simu. Akasema nyamaza, hilo ni suala la kiufundi, ukilisema watu watajua mlipewa kazi mkaharibu." Crispin akainuka, magoti yakalia. "Jumamosi utanitaja? Lori hili si langu, unajua. Mwenye lori akisikia mimi ndiye niliyenunua basi la mlango wa ng'ambo, atanipa nini tena?"

Longino akapanda lori. Alitazama nje njia nzima. Alitaka sana kulaumu mtu. Ilikuwa kazi aliyoizoea kuliko kamba. Lakini kila alipomshika Crispin moyoni, alijiona mwenyewe akilizunguka basi mara mbili, anabonyeza matairi kama mjuzi.

Jumamosi kazi za pamoja zilikuwa ni kuzibua mfereji wa barabara ileile ya Mutaho. Mpaka saa nne na nusu hakuna gari linalotembea, kila mtu na jembe lake. Saa hiyo ilipofika watu hawakutawanyika. Madereva kama ishirini walikaa kwenye ukingo wa mfereji, Mugisho amevaa mabuti ya mpira yanayomzidi. Dorotea alisimama, hakukaa. Crispin alikuwa mwisho kabisa, nyuma ya lori la makaa. Bonifasi naye alifika, koti limebeba tope kidogo ili ionekane alilima.

"Basi lipo," Longino akasema. "Nimelishika kwa mkono huu. Viti thelathini na viwili. Injini inaitika."

Makofi mawili matatu, ya wasiwasi.

"Mlango wake uko kushoto."

Ilichukua muda. Ufahamu ulionekana unapita kutoka uso hadi uso: mtu anainua mkono huu, anainua ule, anatazama barabara. Kisha mmoja akaguna, mwingine akashika kichwa, na mfereji mzima ukaangua kicheko, mpaka wanawake waliokuwa wanaondoka wakarudi kuuliza nani ameanguka.

"Alors ipite kushoto!" Mugisho akapiga kelele. "Sisi bote tuipishe!"

"Itembee kinyumenyume!"

"Tugeuze Burundi yote, ndiyo rahisi!"

"Mi niko na dawa," akasema dereva wa makaa. "Abiria bapandie dirisha."

"Musicheke sana," Mugisho akasema, anajipangusa machozi. "Ata Probox yangu usukani iko ya Tanzania, mi niko Burundi. Kila siku bibi yangu anashuka katikati ya barabara, anasali." Kisha uso ukabadilika. "Mzee Longino. Nani alienda kuchagua?"

Longino akamwona Bonifasi anarekebisha kola. Akaiona, nyuma ya lori la makaa, nusu ya bega la Crispin.

"Aliyechagua alikosea kosa ambalo mimi mwenyewe nilikosea," akasema. "Nimesimama mbele ya mlango ule, nimeingia, nimetoka, sikuona. Mnitukane mimi kwanza. Lakini aliyejua tangu siku ya kwanza akatuambia liko njiani, akachukua elfu zetu kulilaza basi kwenye ua wa watu, akaniacha nisimame hapa namtaja marehemu, huyo hakukosea. Huyo amevaa koti."

Wote wakageuka.

"Suala liko mezani," Bonifasi akasema.

"Ile meza tuilete hapa barabarani," Mugisho akajibu, "na yeye ilipe elfu."

Bonifasi hakucheka. Akasema maneno ambayo, kwa bahati mbaya, yalikuwa na akili. Akasema: sawa, kataeni kulipa. Lakini ua wa Muyinga unadai kila mwezi. Mwezi usipolipwa wanalishika basi, na mwezi wa pili wanaliuza. Mkilipa, elfu yenu ni ya kulilaza. Msipolipa, hamna basi. Mlango unahitaji kikao, na kikao kinahitaji watu saba, na wawili wameshahamishwa.

Hapo madereva wakagawanyika. Wengine walisema tulipe, lakini hela ikatoboe mlango, si ua. Wengine wakasema nani atahakikisha? Mmoja akasema Longino. Mwingine akasema Longino amesoma mpaka la tatu. Wa kwanza akasema wenye digrii ndio walionunua mlango wa Tanzania. Mwingine akasema hapana, wenye digrii ndio waliotuma. Crispin alitoka nyuma ya lori, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kukaa karibu na Longino kwenye ukingo wa mfereji, bega kwa bega. Mugisho aliwatazama wawili hao kwa muda mrefu, na pengine alielewa, kisha akawageukia wenzake.

Dorotea akaja. Akasimama mbele ya Longino, akamtoa jani lililonasa begani.

"Shemeji, nimesikia. Hukusema uongo. Ulidanganywa, na ukadanganya watu kwa mdomo msafi. Kesho sitasimama kanisani."

"Asante, Dorotea."

"Usinishukuru. Jina la dada yangu liondoe kwenye kamba. Leo hii. Usilitaje tena kwa mtu aliyeshika hela mkononi. Alikuwa mtu. Hakuwa karatasi ya kijani."

"Nimeliondoa."

"Sema tena."

"Nimeliondoa, shemeji."

Alijisikia mwepesi, na hakupenda ule wepesi, kama mtu aliyetua ndoo halafu akakumbuka kwamba ndani mlikuwa na maji yake ya kunywa.

Madereva walikuwa bado wanabishana. Hakuna aliyesema kamba ikatwe, hakuna aliyesema ikazwe. Bonifasi alikuwa anatafuta mtandao kwenye simu yake. Ndipo pikapu moja ikatokea upande wa Mutaho, imejaa kabichi, na mikono ya Longino, ambayo haikuwa imeulizwa maoni yake, ikainua kamba na kuikaza.

Pikapu ikasimama. Dereva alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ya jua juu ya paji la uso, hakuna aliyemjua. Aliyaona majembe, aliliona koti la Bonifasi, akamwona Crispin amejiinamia, akauona ule umati unaomtazama yeye peke yake. Akatoa noti ya elfu dirishani. Longino akanyoosha mkono kuipokea, lakini mwanamke hakuiachia. Wakabaki wameishika wote wawili, kila mmoja upande wake.

"Samahani, mzee," akasema. "Mimi mgeni huku. Kabla sijaiachia, niambie tu: elfu hii ni ya nini?"